UCHAMBUZI: Betri lazima zivimbe, je, waliozitengeneza waliziachia nafasi?

KILA aliyemiliki simu ya mkononi kwa miaka kadha huenda amewahi kushuhudia kioja hiki. Kifuniko cha nyuma huanza kuinuka polepole, skrini ikabenuka pembeni, na hatimaye simu ikiwekwa mezani huyumbayumba badala ya kutulia. Fundi akiifungua, hutoa betri iliyofura kama andazi.

Wengi huamua papo hapo kwamba betri hiyo ilikuwa bandia. Wakati mwingine huwa hawajakosea. Hata hivyo, upo ukweli ambao haujaelezwa vya kutosha kwa mwananchi wa kawaida: betri ya lithiamu huvimba kwa maumbile yake, iwe ghali au ya bei nafuu, iwe halisi au ya kuigwa. Tofauti iko katika kiasi cha uvimbe huo, na zaidi ya yote, katika jinsi aliyeunda kifaa alivyojiandaa kuupokea.

Kwa mwenye simu, hasara huwa ni ya kununua betri nyingine. Lakini Kenya sasa imo katika zama ambapo betri za aina hiyo hiyo, zenye nguvu zaidi ya mara 100 kuliko ya simu, zinafungwa kwenye pikipiki za abiria, kwenye mabasi ya jijini na kwenye nyumba zinazotumia umeme wa jua. Hapo suala la uvimbe haliwezi tena kuachiwa fundi wa simu. Linahusu riziki, mkopo na usalama wa maelfu ya watu.

Aprili 2023, bei maalum ya umeme wa kuchaji magari na pikipiki ilianza kutumika nchini. Septemba mwaka huo, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mradi wa pikipiki za umeme, siku chache kabla ya viongozi wa Afrika kukutana Nairobi kujadili mabadiliko ya tabianchi. Tangu wakati huo mjadala umekuwa juu ya bei ya petroli, idadi ya vituo vya kubadilishia betri na kodi. Ni nadra kumsikia kiongozi au mwekezaji akizungumzia kinachotendeka ndani ya kasha la betri baada ya miaka mitatu au minne ya kazi.

Kwa nini betri huvimba

Ili kuelewa tatizo hili, ni sharti tuingie ndani ya seli, yaani kile kitengo kidogo kabisa cha betri. Seli ina pande mbili, hasi na chanya, zilizotenganishwa na utando mwembamba wenye vitundu. Upande hasi kwa kawaida hutengenezwa kwa grafiti, madini yale yale yanayotumiwa kwenye penseli.

Unapochaji, chembe za lithiamu hutoka upande chanya na kwenda kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti, mfano wa karatasi zinazopachikwa baina ya kurasa za kitabu. Kitabu hicho hunenepa. Ujazo wa grafiti huongezeka kwa takriban asilimia 10 au zaidi kidogo betri inapojaa. Betri inapotumika, chembe hurejea zilikotoka na grafiti hupungua tena.

Hivyo basi, kila siku betri hupanuka na kunywea kama kifua cha mtu anayepumua. Uvimbe wa aina hii si ugonjwa, na hauwezi kuondolewa maadamu betri inafanya kazi.

Uko uvimbe wa pili, ambao haurudi nyuma. Kila betri inapochajiwa na kutumika, sehemu ndogo ya lithiamu huungana na kimiminika kilichomo ndani na kufanya ukoko juu ya grafiti. Ukoko huo huongezeka mwaka baada ya mwaka. Ndio maana seli iliyozeeka huwa nene kuliko ilivyokuwa ilipotoka kiwandani, hata ikiwa haina chaji.

Uvimbe wa tatu ndio wa kuogofya zaidi: gesi. Betri ikichajiwa kupita kiasi, ikipata joto kali, ikiingiwa na unyevu wakati wa kutengenezwa au ikilazimishwa kuchaji kwa kasi isiyoifaa, kimiminika huanza kuoza na kutoa gesi kama vile kaboni dioksidi, kaboni monoksidi, haidrojeni na ethilini. Baadhi ya gesi hizo hushika moto kwa urahisi. Andazi lile ambalo fundi wa simu huliona ni kifuko kilichojaa gesi za namna hiyo, na kulitoboa kwa bisibisi ni kucheza na mauti.

Isitoshe, tatizo haliendi likipungua. Watengenezaji wanaotaka betri nyepesi na zenye nguvu zaidi wameanza kuchanganya grafiti na silikoni. Madini hayo hubeba lithiamu nyingi mno, lakini silikoni tupu ikijazwa kabisa hufikia ujazo unaokaribia mara nne ya ule wa awali. Hii ndiyo sababu huongezwa kwa kipimo kidogo tu. Kila tone linaloongezwa humpa kazi zaidi mhandisi anayetengeneza kasha.

Kwa upande mwingine, betri zinazotumia fosfati ya chuma, ambazo zimependwa sana kwa pikipiki na mabasi, zina nafuu fulani. Upande wake chanya hunywea kwa takriban asilimia 7 wakati upande hasi unapopanuka, na hivyo kufidia sehemu ya uvimbe. Sehemu tu, wala si wote.

Nyumba ya seli

Seli moja haiwezi kuendesha pikipiki. Seli kadhaa hupangwa pamoja na kufungwa kuwa moduli, na moduli moja au zaidi huingizwa katika kasha kuwa betri kamili. Moduli ndiyo nyumba ya seli, na ndipo swali la uvimbe linapopata jibu au linapokosa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme seli 12 zenye umbo la kisanduku, kila moja ikiwa na unene wa milimita 30, zimepangwa mstari mmoja. Kila seli ikinenepa kwa asilimia tano katika uhai wake, nyongeza ni milimita moja na nusu. Zote 12 zitahitaji milimita 18 zaidi, karibu sentimita mbili. Sentimita hizo zitatoka wapi ikiwa kasha la chuma halina hata upenyo wa kuingiza ukucha?

Jibu ni kwamba seli zitasukuma. Wala tusidhani kwamba msukumo huo ni mdogo. Seli yenye uso wa sentimita 15 kwa 10 ikisukuma kwa nguvu ya kilo tano katika kila sentimita mraba, jumla ni kilo 750. Huo ni uzani wa zaidi ya magunia manane ya mahindi ya kilo 90, uliobanwa ndani ya kasha linaloweza kubebwa na mtu mmoja. Mabamba hupinda, mishono ya kuchomelea hupasuka, na vipande vya shaba au alumini vinavyounganisha seli hung'oka.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi seli zisiachwe huru, kila moja na nafasi yake? Kinaya ni kwamba seli isiyobanwa kabisa nayo huharibika. Matabaka yake huachana, gesi hujikusanya katikati, na chaji husambaa kwa njia isiyo sawa. Seli za kifuko, zilizofunikwa kwa karatasi laini ya alumini na plastiki, huhitaji hasa kushikiliwa kwa shinikizo la wastani ili zidumu.

Ikibanwa kupita kiasi, vitundu vya ule utando wa katikati huzibika na lithiamu hushindwa kupita. Penye msongamano, lithiamu huganda kama chuma juu ya grafiti, na miiba yake yaweza kutoboa utando na kusababisha shoti. Kutoka hapo hadi moto ni hatua fupi.

Kwa hivyo kazi ya mhandisi ni kama ya mshonaji anayemshonea nguo mama mjamzito. Nguo ile imtoshe leo bila kupwaya, na imtoshe mwezi wa tisa bila kumbana.

Njia inayotumika zaidi ni kuweka sifongo maalum baina ya seli. Sifongo hiyo, ambayo huwa ya poliurethani au ya aina ya mpira unaostahimili joto, huchaguliwa kwa uangalifu: ianze kusukuma kidogo seli zikiwa changa, iendelee kubonyea seli zinaponenepa bila kuongeza shinikizo ghafla, na isilale moja kwa moja kama godoro kuukuu baada ya miaka. Kwenye ncha za mstari huwekwa mabamba mazito, na yote hufungwa kwa mikanda ya chuma inayoweza kunyooka kidogo bila kukatika. Viunganishi vya umeme navyo hupewa mkunjo ili viweze kusogea pamoja na seli.

Wapo waliokwepa tatizo kwa kuchagua umbo. Seli za silinda, mithili ya betri za tochi, zina mkebe wa chuma wa mviringo unaogawanya msukumo pande zote. Gari la Tesla Roadster la 2008 lilikuwa na seli 6,831 za aina hiyo. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa 2010, ilitumia seli za kifuko 192, lakini zilifungwa nnenne ndani ya mikebe ya chuma 48. BYD ya Uchina ilitangaza mwaka 2020 seli ndefu na nyembamba kama upanga, zenye unene wa takriban milimita 13.5 tu, zinazopangwa moja kwa moja kwenye kasha bila moduli.

Kila njia ina bei yake. Sifongo huchukua nafasi ambayo ingejazwa umeme. Mabamba huongeza uzani. Gundi inayoshika seli moja kwa moja kwenye kasha hupunguza gharama kiwandani, lakini seli moja ikiharibika fundi hawezi kuitoa bila kuharibu jirani zake.

Mafunzo ya Note 7 na Dreamliner

Iwapo kuna anayedhani kwamba haya ni mambo ya nadharia, na arejee mwaka 2016. Agosti mwaka huo, Samsung ilizindua simu ya Galaxy Note 7. Wiki chache baadaye, baada ya visa vya simu kushika moto, kampuni hiyo iliagiza takriban simu milioni 2.5 zirudishwe. Zilizotolewa badala yake, zikiwa na betri ya mtengenezaji mwingine, nazo zikawaka. Oktoba 11, Samsung ilisitisha kabisa simu hiyo.

Januari 2017 kampuni ilitoa matokeo ya uchunguzi uliohusisha watafiti takriban 700. Betri ya pili ilikuwa na kasoro za uchomeleaji. Ile ya kwanza, hata hivyo, ilikuwa na tatizo la nafasi: kifuko hakikuacha upana wa kutosha kwa matabaka yaliyomo, na kwenye kona ya juu upande wa kulia upande hasi ulipindwa. Seli haikuwa na pa kupumulia. Kampuni yenye fedha, maabara na wahandisi wa kila aina iliangushwa na nafasi ya kona moja ya kifuko.

Funzo la pili linatugusa kwa karibu zaidi. Januari 2013, ndege mbili za Boeing 787 Dreamliner za mashirika ya Japani zilipata hitilafu ya betri, moja ikiwa imeegeshwa Boston nchini Marekani na nyingine ikilazimika kutua nchini Japani. Dreamliner zote duniani zilizuiliwa kuruka. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba shoti ilitokea ndani ya seli moja kati ya nane, na joto lake likaenea kwa zilizosalia, jambo ambalo waliounda betri hiyo hawakulitarajia.

Chanzo hasa cha ile shoti hakikuthibitishwa. Ndipo wahandisi wakaamua kurekebisha nyumba badala ya kungoja kumpata mhalifu: seli zilitenganishwa vyema, na betri nzima ikawekwa ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege. Aprili 27, 2013, Dreamliner ya kwanza kurejea kubeba abiria ilikuwa ya shirika la Ethiopian, na ilitua hapa Nairobi. Mwaka uliofuata Kenya Airways ilipokea ndege yake ya kwanza ya aina hiyo.

Visa hivi viwili vinafundisha jambo moja. Seli kamilifu haipo. Usalama hutokana na kukubali mapema kwamba seli itabadilika au itaharibika, na kuiundia nyumba inayolijua hilo.

Bodaboda na barabara zetu

Sasa turejee nyumbani. Betri ya pikipiki inayobeba abiria kutwa nzima hujazwa na kumalizwa mara nyingi kuliko ya gari la kibinafsi, ambalo hushinda limeegeshwa. Mizunguko ambayo gari huimaliza kwa miaka mingi, bodaboda huimaliza kwa muda mfupi. Uvimbe usiorudi nyuma huja kwa kasi hiyo hiyo.

Ongeza joto la Mombasa, Garissa au Lodwar, kwani joto huharakisha kuoza kwa kimiminika cha ndani. Ongeza matuta na mashimo ya barabara zetu, ambayo hutikisa viunganishi ambavyo tayari vimevutwa na seli zilizonenepa. Betri iliyosanifiwa kwa barabara laini na hali ya hewa ya wastani haiwezi kuchukuliwa kuwa salama huku kwa sababu tu ilipita majaribio kwingineko.

Kuhusu majaribio, lipo pengo ambalo yafaa lisemwe wazi. Betri za lithiamu zinazosafirishwa kimataifa hupitia majaribio manane ya Umoja wa Mataifa, yakiwemo ya mtikiso, joto, shoti na kuchajiwa kupita kiasi. Ni majaribio muhimu. Lakini hufanyiwa betri mpya au zilizochajiwa mara chache. Cheti chake kinathibitisha kwamba betri ilikuwa salama ikianza safari. Hakisemi itakuwa na unene gani baada ya mizunguko 1,000.

Mzigo wa pengo hilo humwangukia nani? Mhudumu anayebadilisha betri kituoni huenda asimiliki betri hiyo, lakini betri inayokwama kwenye nafasi yake au inayoisha chaji nusu ya safari humpotezea wateja. Aliyenunua pikipiki pamoja na betri kwa mkopo yu taabani zaidi, kwani betri ndiyo sehemu ghali kupindukia, na mkopo hausimami betri inapokufa.

Hapo ndipo fundi wa jua kali anapoingia. Hufungua kasha, huondoa seli zilizofura, huingiza nyingine zilizotoka kwenye betri kuukuu, kisha hukaza kila kitu kwa utepe wa plastiki. Sifongo hutupwa kwa kuwa huonekana kama takataka ya kujazia. Mbaya zaidi, seli zilizovimba hushinikizwa zirudi mahali pake ili kifuniko kifunge. Hatumlaumu fundi huyu, maana hakuna aliyemweleza kwamba ile sifongo ni sehemu ya betri.

Kinachopasa kufanywa

Wapo wawekezaji watakaosema kwamba sekta hii ingali changa na kwamba masharti mengi yataiua kabla haijasimama. Hoja hiyo ina uzito. Pikipiki za umeme zinapunguza moshi na matumizi ya petroli, na si haki kuziwekea vikwazo ambavyo zile za petroli hazijawahi kuwekewa. Lakini moto mmoja kwenye kituo chenye betri nyingi utaipaka tope sekta nzima kuliko kanuni yoyote.

Kwanza, Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) halipaswi kuridhika na cheti cha betri mpya. Muuzaji na aonyeshe pia kipimo cha unene na shinikizo seli zinapofika mwisho wa uhai wake, na nafasi iliyotengwa kwa ajili hiyo. Mtengenezaji makini huwa na takwimu hizo tayari. Asiyekuwa nazo ametoa jibu tosha.

Pili, vituo vya kubadilishia betri vinaweza kuwa zahanati. Betri hupitia hapo kila siku. Kupima unene wa kasha kwa kifaa rahisi, na kuiondoa kazini betri iliyopita kiwango, si teknolojia ya ajabu.

Tatu, ukarabati usiachwe gizani. Sheria ya Muungano wa Ulaya ya 2023 inaagiza kwamba kuanzia Februari 18, 2027, betri za magari ya umeme na za vyombo vyepesi vya usafiri ziwe na pasipoti ya kidijitali inayobeba habari zake. Inataka pia betri za vyombo hivyo vyepesi ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi wa kujitegemea. Kenya haina sababu ya kupokea betri zilizogandishwa kwa gundi ambazo wenzetu wanazikataa. Vyuo vyetu vya kiufundi navyo vifundishe kwamba moduli hufungwa kwa kipimo, wala si kwa nguvu za mkono.

Nne, betri zilizofura ziwe na pa kwenda. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inamtwika mtengenezaji na mwagizaji jukumu la bidhaa yake hadi mwisho wa matumizi. Utekelezaji wake utapimwa kwa swali dogo: mhudumu wa Kisumu au Nakuru mwenye betri iliyovimba ataipeleka wapi leo?

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa mkopo, aulize dhamana inafunika uvimbe au haifuniki, na seli zinaweza kubadilishwa au la. Akiona kasha limebenuka, asilibane wala asilitoboe, na asilichaji. Aliweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, na amwite aliyemuuzia.

Betri zitavimba, tupende tusipende. Nchi inayozinunua kwa maelfu ina muda wa kuuliza juu ya nafasi ya milimita chache kabla kasha halijafungwa. Wahenga walituachia neno kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa betri, anayekataa kuacha ufa mdogo mwanzoni ndiye atakayejenga ukuta mwishoni.